Habari za Saa Sita Kasorobo

Karatasi ilifika mapema, kama kawaida,
saa mbili usiku, kwa simu ya bosi:
"Tanga yatikisika! Mfalme wa Mistari
apanda jukwaani Chuda, mashabiki wazimia."
Niisome saa sita kasorobo,
baada ya ugomvi wa wale wawili wa Dar
wanaotukanana kwa bei za saa za mkononi,
kabla ya tangazo la magodoro.

Saa mbili. Jukwaani kulikuwa na paka.

Nilikwenda, maana studio ni jirani
na viatu vyangu vipya havijaonwa na mtu.
Kwa Mama Semkiwa viti vimefika hadi barabarani,
elfu tano mlangoni,
wasichana wa Makorora na manukato ya kuazimana,
vijana wa Pongwe na baiskeli zao,
kila mmoja kaifunga mnyororo pale anapoiona.
Kwenye mashine, Dijei Singano,
ambaye mchana hunyoosha ringi Barabara ya Kumi na Moja.
Kompyuta yake imeng'oka herufi K.
Wimbo wenye K, husema, naupata kwa dua.

Saa tatu, mgeni yuko Segera.
Saa tatu na nusu, mgeni yuko Segera.
Saa nne, meneja wake kazima simu,
na advansi yetu, nadhani, imeshageuka nyama choma Chalinze.
Mji huu wanautania: waja leo waondoka leo.
Huyu kaondoka bila kuja.

Ndipo umeme nao ukaondoka.

Ukimya mfupi, halafu kiti kikavunjika mahali.
Mtu akadai elfu tano yake, akataja na nauli.
Singano akatokea gizani na baiskeli isiyo yake,
akaipindua, tandiko chini, magurudumu juu,
akachomeka karata kwenye spoku
(ree ya shupaza, niliiona kwa tochi ya simu)
akazungusha pedeli kwa mkono.
Trrrrr. Akabana tairi kwa kiganja: tk.
Akaachia. Trrrrr, tk-tk, trrrrr.
Nyuma huko mmoja akajibu kwa kengele.
Wa pili akafuata.
Kisha kengele zote za Pongwe.

Sijui nani alimsukuma Mnkande mbele.
Nilimjua kwa nyusi: hata akioga
hubaki na rangi ya kiwandani.
Maiki ilikuwa imekufa. Hakuiulizia.

*Mifuko nabeba mia, ya saruji mgongoni,*
*Vumbi linanikalia, pua hadi mapafuni,*
*Ghorofa zainukia, za watu walo mjini,*
*Kwangu maji huingia, nikilala kitandani.*

Akarudia. Akarudia tena, kasi zaidi,
mpaka maneno yakawa kama spoku zenyewe,
huoni moja moja, waona duara tu linang'aa.
Hakuna aliyezimia.
Mama Semkiwa alijifuta macho kwa ncha ya kanga,
akasema ni moshi wa mishikaki.
Mishikaki ilikuwa imezimwa zamani.

Studio ina jenereta. Nilifika nikihema,
kiatu kimoja kimeshachubuka.
Nikasoma ugomvi wa saa, bei kwa bei.
Nikafika kwenye "Tanga yatikisika!"
na ulimi ukagoma kama punda wa Mikanjuni.
Basi nikasoma kilichokuwepo:

Mfalme hakufika. Elfu tano hazijarudishwa.
Gurudumu la nyuma, inchi ishirini na nane,
limepigwa na Dijei Singano kwa dakika arobaini.
Mwenye baiskeli anaombwa aipitie kesho,
itakuwa imetiwa grisi bure.
Mnkande, mpakia saruji,
anaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi.
Anayemfahamu amwamshe.

Simu ya bosi ikawaka mezani,
ikazima, ikawaka.
Nikaigeuza kifudifudi, nikabonyeza kitufe,
na ile sauti nzito ya magodoro ikaingia hewani:
*Lala kama mfalme.*